Senene wa Ijumaa Kuu

Sehemu ya Saba

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, usihangaike kuazima la jirani, nitakuingiza ndani mara moja. Ilikuwa Ijumaa Kuu, saa sita mchana, kijijini, juu kidogo ya Rubya. Ta Kamala, mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Agatha, alikuwa amesimama sebuleni kwake na kikaangio mkononi, mdomo umejaa senene. Mara mlango ukagongwa.

"Hodi! Tumsifu Yesu Kristo!"

Hapo ndipo tulipomwacha. Wiki nzima mtu mzima amesimama na senene mdomoni akitungoja sisi. Tumhurumie kidogo.

Kumeza kwa mkupuo alishindwa, kutema aliona uchungu. Walikuwa senene wa Aprili, wachache lakini wanene, walioanguka na ukungu wa alfajiri ile ile. Mkewe Joanitha alikuwa amewaokota kwenye nyasi, akawanyonyoa mbawa na miguu mmoja mmoja, akawakaanga kwa kitunguu na chumvi. Unatemaje kitu kama hicho? Hata wewe usingetema.

Balaa ni kwamba sheria ilikuwepo, na aliyeitunga ni Kamala mwenyewe. Kwaresima ya mwaka jana jumuiya ilibishana mpaka ikasahau kusali rozari: senene ni nyama au si nyama? Wengine wakasema hana damu, basi ni kama dagaa. Wengine wakasema huanguka kutoka juu, basi ni kama mana ya wana wa Israeli. Kamala akasimama, akakohoa kikohozi cha mwenyekiti, akauliza:

"Mnapomkaanga, anatoa mafuta au hatoi?"

"Anatoa!"

"Basi ni nyama."

Wakapiga makofi, wakapiga kura. Kamala akanogewa, akaongeza na adhabu: atakayekula senene Ijumaa Kuu, jumuiya haitamtolea ushuhuda kwa sakramenti yoyote mwaka mzima. Awe anataka ndoa au ubatizo wa mtoto, asubiri. Parokia nzima ilisikia habari ya mwenyekiti yule mkali wa imani, na mwaka huu alikuwa mgombea pekee wa uenyekiti wa walei.

Lakini sheria ile aliitunga senene wakiwa hawapo. Senene wakiwa hawapo, kila mtu ni mtakatifu.

"Hodi jamani! Mwenyekiti yumo?"

Kamala akatazama huku, akatazama kule. Chini ya kochi kulikuwa na paka. Dirishani wangemwona. Mezani ilikuwepo sanamu ya Bikira Maria, ile inayozunguka nyumba hadi nyumba, na wiki hii ilikuwa zamu yake. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha zambarau, kama sanamu zote zinavyofunikwa siku zile za mateso.

Akainua kitambaa. "Nisamehe, Mama," akasema kwa mdomo uliojaa. Akasukuma kikaangio nyuma ya sanamu, akashusha kitambaa, akaenda kufungua mlango.

Wa kwanza kuingia alikuwa Wilbert, katekista, mwenye sauti ya kutangaza misiba. Nyuma yake Ma Ephrasia, ambaye habari zote za kijiji hupita kwake kwanza ndipo ziendelee na safari. Kisha Ta Datius, mzee wa jumuiya, na kundi la waumini wengine. Katikati yao, ameshikwa mkono kama mwizi wa kuku, aliingia Evelyne, binti mkimya wa nyumba ya bondeni, mwanawe Alinda akiwa mgongoni.

"Mimele amima," Kamala akaitikia ile salamu, senene wakimfunga ulimi.

Wilbert akamtazama. "Mwenyekiti, unatafuna?"

"Akamwani."

Jibu lilikuwa zuri. Kahawa ya kutafuna si chakula, na hakuna nyumba ya Mhaya inayokosa ya kupokelea wageni. Ila Ma Ephrasia alishanyoosha kiganja.

"Na sisi basi, waitu. Mtu hatafuni peke yake mbele ya wageni."

Ikabidi Kamala alete kikapu kidogo cha akamwani na kugawa. Huko kuinama na kuinuka kukampa nafasi ya kumeza. Senene wote wakashuka salama, isipokuwa mguu mmoja ambao Joanitha aliusahau kuunyonyoa. Huo ukakwama katikati ya magego, ukakataa kwenda mbele wala kurudi nyuma.

"Tumeleta kesi," akasema Wilbert. Akaweka juu ya meza, mbele kabisa ya Bikira Maria, kitu kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Akatoboa jani kwa kidole. "Mwenyekiti, chungulia mwenyewe."

Kamala akachungulia. Senene. Wa kukaanga.

"Tumemkamata huyu anakatiza migombani kwako, anatembea haraka haraka. Ijumaa Kuu! Na kesho, kwenye mkesha wa Pasaka, ndiyo tumtolee ushuhuda mtoto wake abatizwe? Sheria ni yako mwenyewe, mwenyekiti. Sisi tunangoja hukumu tu, twende tukamwambie padre amfute kwenye orodha ya ubatizo."

Jasho likamtoka Kamala. Akajaribu kuuchokoa ule mguu kwa ulimi. Haukutoka.

"Evelyne," akasema, kiganja mbele ya mdomo kama mtu anayetafakari, "umekula senene leo?"

"Sijakula, Ta."

"Basi hawa ni wa nini?"

"Si wangu."

"Ni wa nani?"

Evelyne akatazama chini.

Ma Ephrasia akapiga kofi paja lake. Alikuwa amengoja nafasi hiyo tangu migombani. "Ngojeni niwaulize. Tangu lini mwanamke wa Kihaya akajikaangia senene? Bibi zetu hata kuonja hawakuruhusiwa! Mwanamke anaokota, ananyonyoa, anakaanga. Mume anakula, halafu mume anamnunulia gauni. Ndivyo ilivyo. Sasa huyu hana mume. Amemkaangia mwanamume gani?"

"Ee!" wakaguna wote. Kesi iliyoingia na kichwa kimoja sasa ilikuwa na viwili.

"Taratibu, jamani," akasema Ta Datius, ambaye umri wake ulimruhusu kuwa na akili. "Hata Yohana Mbatizaji alikula nzige."

"Hakula Ijumaa Kuu!" akang'aka Wilbert.

"Ijumaa Kuu ilikuwa bado haijawahi kuwepo."

"Ndiyo maana alikula!"

Watu wakatingisha vichwa, wakaona katekista amesoma. Na huenda Evelyne angehukumiwa pale pale, kama Ma Ephrasia asingeinua pua.

"Mbona humu ndani kunanukia?"

"Ni hao senene wa Evelyne," Kamala akawahi.

"Hapana. Hao wamepoa. Hii ni harufu ya moto moto." Akasogea, pua mbele, miguu nyuma. Akapita kochi, akampita paka, akafika mezani. Akasimama mbele ya kitambaa cha zambarau. Macho yakamtoka. Akaanguka magotini mpaka sakafu ikalia.

"Jamani! Harufu inatoka kwa Bikira Maria!"

Nyumba nzima ikashuka chini. Mwanamke mmoja akaanza kulia. Wilbert akajipiga kifua.

"Muujiza! Nimewahi kusoma, sanamu takatifu hutoa harufu ya waridi!"

"Hii ni ya kitunguu," akasema Ta Datius.

"Kila nchi na waridi lake!" akajibu Ma Ephrasia, akaanzisha wimbo.

Kamala je? Kamala naye alipiga magoti. Alitazama kile kitambaa, akajua neno moja tu lingemaliza kichekesho kile. Hakulisema. Akaimba sauti ya pili.

Najua, msomaji, sasa unategea sikio jogoo awike. Umeshahesabu: akamwani, harufu, na sasa muujiza. Usijisumbue. Jogoo wa nyumba ile alichinjwa Jumanne kabla ya Majivu.

Wimbo ulipokwisha, Wilbert akasimama amebadilika. Alikuwa katekista aliyeshuhudia muujiza, na mtu wa namna hiyo havumiliki tena.

"Mmeona? Mama Bikira ametoa ishara. Amechukizwa na dhambi iliyowekwa mbele yake! Mwenyekiti, hukumu!"

Muujiza wa kikaangio chake mwenyewe sasa ulikuwa unamshtaki Evelyne. Kamala akafungua mdomo, akakumbuka mguu, akaufunga.

Evelyne ndiye aliyesema. Hakuitazama sanamu. Alimtazama mwenyekiti.

"Ta, mimi niadhibuni mnavyotaka. Niwekeni nje hata miaka mitano, nitasalia uani kwangu. Lakini mtoto abatizwe." Akamshika Alinda mguu kule mgongoni, kama anayehakikisha yupo. "Yule wa kwanza alikufa kabla hamjanitolea ushuhuda. Mlisema nimekosa jumuiya mara nyingi. Nilikuwa namuuguza, ndiyo maana nilikosa. Hamkuja kuimba. Tulimfukia mimi na mjomba wangu, na mjomba hajui nyimbo. Huyu nataka hata akiniacha, awe amepewa jina mbele ya watu na mbele ya Mungu. Sina ombi jingine."

Kamala alikumbuka siku ile vizuri. Aliyesema "utaratibu ni utaratibu" alikuwa yeye.

"Basi taja jina, mwanangu," akasema kwa upole ambao ulimshangaza mwenyewe. "Sema senene ni wa nani, yaishe."

Evelyne akamtazama kwa namna ambayo Kamala hakuielewa. Ilikuwa kama anamwonea huruma.

"Siwezi, Ta. Nimeombwa nisiseme. Nikisema, atakayeaibika si mimi."

"Ana mke!" akapasuka Ma Ephrasia.

"Leteni ushahidi wazi!" akasema Wilbert, akayararua majani yote ya mgomba kwa pamoja.

Lilikuwa bakuli la bati. Jeupe, limebanduka rangi ukingoni, na ubavuni lina ua jekundu lisilo na shina.

Kamala alilijua ua lile kabla hajajua kusoma. Ndani ya bakuli lile alikuwa akinywa uji kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Lilikuwa bakuli la mama yake.

Ma Benigna alikuwa amelala kwenye nyumba ya zamani, mwisho wa kibanja hiki hiki cha migomba, macho hayaoni vizuri na miguu haimbebi. Kila Jumatano jumuiyani Kamala ndiye aliyeanza nia za sala: "Tumwombee mama yangu mgonjwa." Sauti ilikuwa ikimtetemeka, na watu walikuwa wakiusifu mtetemeko huo njiani kurudi nyumbani. Joanitha alikuwa akipeleka ndizi kwa yeyote anayepita, na anayepita aliziweka kando ya kitanda na kupita. Chakula kilikuwa kikifika. Mtu hakuwa akifika. Tangu Jumatano ya Majivu, kwa wingi wa sala, mikutano na mazoezi ya kubeba msalaba, Kamala hakuwa ameinama hata siku moja kuingia mlango ule.

Na huyu binti, aliyekuwa akiburutwa kama mwizi, alikuwa akiinama kila siku.

Aibu ilimpanda Kamala kutoka tumboni, ikapita mahali walipokuwa senene, ikafika usoni.

"Mwacheni," akasema. "Anayestahili adhabu ni mimi. Mimi nimekula senene leo."

Wilbert akavua kofia taratibu, machozi yakimlengalenga.

"Mnaona kiongozi? Jamani, mnaona? Anajitwisha dhambi ya mwenzake, siku ile ile Bwana alipojitwisha za wote!"

"Sijitwishi! Nimekula!"

"Mnyenyekevu mpaka mwisho," akasema mtu nyuma.

"Nimekula kweli! Kwa mkono huu!"

"Huyu ndiye mwenyekiti wa walei," akalia Ma Ephrasia. "Kura yangu ya Jumapili niliishaitoa moyoni!"

Kamala aliwatazama akakata tamaa. Miaka yote alikuwa amejifanya mtu mwema wakamwamini, na leo, siku moja tu ya kusema kweli, wamekataa. Akavuka sebule kwa hatua ndefu, akakamata kitambaa cha zambarau, akakivuta.

Kikaangio kikaonekana. Ndani yake walikuwepo senene waliobaki, wanang'aa mafuta, na kijiko juu.

Ma Ephrasia, ambaye hakuwa amenyanyuka magotini, akajikuta anakisalia kikaangio. Mwanamke aliyekuwa akilia akanyamaza ghafla, kama bomba lililofungwa.

Lakini Ma Ephrasia si wa kushindwa na jambo dogo. Alihesabu kwa vidole. "Senene kwa Evelyne. Senene kwa mwenyekiti. Kibanja kimoja." Akasimama. "Jamani! Kumbe mwanamume mwenyewe ndiye huyu!"

Hapo nyumba ikageuka soko. Wilbert akarudisha kofia kichwani. Mtu akasema alijua siku nyingi. Mwingine akasema hata mtoto, ukimtazama vizuri, masikio ni ya Kamala. Evelyne akawa anatingisha kichwa.

Mlango wa jikoni ukafunguka kwa kishindo.

"Mwanamume gani?" Joanitha alikuwa na mwiko mkononi. "Kikaangio hicho ni changu! Nimeokota mimi na umande, nimenyonyoa mimi mpaka vidole vikauma, nimekaanga mimi mwenyewe kabla hata ya Njia ya Msalaba! Huyo binti asisingiziwe kazi yangu!"

Ndipo akajisikia alichosema. Joanitha alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya, na Jumapili ya Matawi aliwafundisha wenzake kufunga. Lakini mwanamke aliyeshikwa kwenye kona hana la kupoteza.

"Na msinitazame hivyo. Ephrasia! Alfajiri kwenye nyasi za shule si tulikuwa wote? Si ulikuwa na ndoo?"

"Nilikwenda kuteka maji."

"Maji yanayoruka?"

Ta Datius akageukia ukutani, mabega yakimcheza. Joanitha hakumaliza. Akamgeukia mumewe.

"Na wewe, gauni la mwaka juzi sijaliona!"

Wilbert akapiga meza mpaka sanamu ikayumba. "Kimya! Hii ni Ijumaa Kuu! Kama kikaangio ni cha Joanitha, basi hili bakuli ni la nani?"

Kamala akalichukua bakuli kwa mikono miwili, akatoka nje, akaingia migombani.

Wote wakamfuata. Watu wanaweza kuacha ibada ikiendelea, lakini si jambo kama hilo. Evelyne akakimbia mpaka ubavuni kwake.

"Ta, tafadhali, usimwambie kwamba wamejua. Aliniomba sana."

"Kwa nini hukumtaja mama tu, mwanangu? Ungeshinda."

"Ningeshinda wewe uaibike. Yeye asingependa."

Kamala akaongeza mwendo ili asionekane uso.

Mlango wa nyumba ya zamani ulikuwa mfupi. Akainama. Ndani kulikuwa kumefagiliwa. Kando ya kitanda kulikuwa na kikombe cha uji kilichofunikwa, na kanga ya Evelyne imekunjwa kuwa mto. Yule bibi alikuwa ameelekeza uso mlangoni.

"Ni nani?"

"Ni mimi, mama. Kamala."

"Kamala yupi?"

"Mwanao."

"Mwanangu yuko kanisani," akasema Ma Benigna, wala hapakuwa na kinyongo katika sauti yake. "Ana kazi nyingi za Mungu huyo. Hata Evelyne nimemkataza asimsumbue. Nikamwambia, na hii hamu yangu ya senene usiitangaze, watu watasema mwanangu hanilishi."

Mlangoni, kundi zima la Mtakatifu Agatha likasikia. Ma Ephrasia akatafuta mahali pa kuweka macho, akakosa.

Kamala akapiga magoti. Mara hii hakukuwa na sanamu wala mtu wa kumsifu, na sakafu ya udongo ilikuwa ya baridi. Akachukua senene mmoja, akamweka mdomoni mwa mama yake, naye akammumunya polepole kwa ufizi, akafumba macho.

"Zamani aliniokotea yeye," akasema. "Kabla ya shule, kwenye kikapu kidogo. Wa kwanza alinipa mimi. Baba yake alikasirika, akasema mwanamke hali senene. Mtoto akasema, basi mama atakula tukiwa wawili tu, Mungu hatasema kwa mtu." Akanyoosha mkono, akapapasa uso uliokuwa mbele yake, akafika kwenye shavu lililolowa. Vidole vikasimama hapo. "Ala. Ni wewe kweli."

"Ni mimi, mama."

"Basi nawe kula. Usinitazame tu."

Kamala akala. Mbele ya katekista, mbele ya jumuiya yote, mchana kweupe wa Ijumaa Kuu, mwenyekiti na mtunga sheria akachukua senene, akatafuna, akameza. Hakuweka kiganja mbele ya mdomo. Na wale wa kwenye kikaangio hawakuwa na utamu ule.

"Mwenyekiti!" akasema Wilbert. Sauti ilikuwa imepungua, lakini bado ilikuwa ya katekista. "Mbele ya mashahidi! Sasa kesi ni mbili. Wewe umejifuta, na huyu aliyewakaanga amejifuta. Mtoto hana ushuhuda."

Evelyne akaegemea ukuta. Alinda akaamka mgongoni, akaanza kulia.

Ndipo pikipiki ikanguruma nje. Watu wakapisha. Padre Julius akaingia ameinama, vumbi mpaka nyusi, mkono kifuani ameshika kile kimkoba cha Komunyo ya wagonjwa. Kabla ya ibada ya saa tisa alikuwa akizungukia wagonjwa walioombewa, na aliyekwenda kwa miguu mpaka parokiani kumwombea Ma Benigna alikuwa Evelyne.

Padre huyu alikuwa mgeni. Ametoka Mbinga, hajamaliza hata msimu mmoja Kagera. Wilbert akamrukia, akamwaga yote kwa pumzi moja: sheria, kura, mafuta, majani ya mgomba, kikaangio, muujiza uliokufa na mwenyekiti aliyekula mbele ya macho yao.

Padre akasikiliza mpaka mwisho. "Mlipiga kura?"

"Tulipiga, padre. Kwa kauli moja."

Kamala akasimama. "Padre, sheria ni yangu na mlaji ni mimi. Huyu binti alimlisha mama yangu wakati mimi nilikuwa nawahubiria wengine. Nivue uenyekiti, unifunge mwaka, miaka, sitafungua mdomo. Mtoto abatizwe kesho."

"Ukimbatiza, padre," Wilbert akasema, "jumuiya itakuwa imetunga sheria bure."

Padre akachuchumaa kando ya kitanda, akalitazama bakuli lenye ua jekundu. Akamchukua senene mmoja kwa vidole viwili, akamwinua kwenye mwanga wa mlango, akamgeuza huku na huku. Ilikuwa wazi hajawahi kumwona mdudu huyo aliyekaangwa.

"Hii ndiyo nyama yenyewe?"

"Ndiyo, padre," akasema Wilbert.

"Si nyama," akasema Ta Datius.

"Na huyo mwingine ni nani?" akauliza Ma Benigna.

"Ni padre, mama," akasema Kamala.

"Naye mpe. Ametoka mbali."

Padre akamtazama senene, akamtazama bibi kitandani. Kisha akamtazama Evelyne, aliyekuwa amefumba macho na kumshika mwanawe mguu kule mgongoni. Mlangoni Ma Ephrasia alikuwa amesimama kwa ncha za vidole, Wilbert ameshika kofia kwa mikono miwili.

Padre Julius akafungua mdomo.